Joto Ndani ya Utando Mwembamba

Ndege ya abiria inayotoka Dar es Salaam kwenda Johannesburg hupanda hadi kimo cha kilomita 11 hivi, ambako hewa ya nje hufika nyuzi 50 za selisiasi chini ya sifuri. Ikipanda na ikishuka hupenya mawingu yenye matone ya maji yaliyopoa kupita kiasi, maji yanayoganda papo hapo yakigusa kitu kigumu. Kioo cha mbele cha marubani kingeweza kuzibwa na barafu ndani ya muda mfupi. Hakizibwi, kwa sababu kati ya matabaka yake ya glasi na plastiki kumepakwa utando unaopitisha umeme, mwembamba kiasi kwamba rubani huona nje bila kujua kama upo. Unene wake mara nyingi ni mamia machache ya nanomita. Unywele mmoja wa kichwani una nanomita kama 70,000. Umeme ukipita humo utando hupata joto, glasi nayo hupata joto, na barafu hukosa pa kushika.

Joto hilo lina kazi ya pili ambayo abiria wengi hawaijui. Plastiki iliyobanwa katikati ya glasi ikipoa sana hukakamaa na kuwa rahisi kupasuka. Ikiwa vuguvugu hubaki laini, ikaweza kunyumbuka na kupokea kishindo cha tai au korongo anayegonga kioo kwa kasi ya kutisha. Kwa hiyo swichi ya joto la kioo huwashwa hata siku ya jua kali, pale Mwanza au Mombasa, kabla ndege haijaacha ardhi.

Mhandisi anayebuni kioo cha namna hiyo ana maswali yasiyoweza kusubiri kiwandani. Joto litasambaa sawasawa, au kona moja itaungua huku nyingine ikiganda? Glasi itafika nyuzi ngapi? Itapasuka? Kutengeneza vioo ishirini na kuvichoma kimoja kimoja ni gharama isiyobebeka, hivyo majibu hutafutwa kwanza ndani ya kompyuta, kwa kuiga mwendo wa umeme na mwendo wa joto kwa pamoja. Na hapo ndipo wembamba ule ule uliokuwa faida unapogeuka kuwa kero. Kitu chembamba namna hii hakikokotoleki mpaka mtu ajue nini cha kuacha nje ya hesabu. Tena, kama ajali moja ya mwaka 2018 ilivyoonyesha, hatari hupenda kujificha katika kile kilichoachwa.

Sayansi yenyewe ni ya zamani. Georg Ohm, Mjerumani, alichapisha kitabu chake kuhusu volteji, mkondo na ukinzani mwaka 1827. Miaka mitano kabla yake, Mfaransa Joseph Fourier alikuwa ameshaeleza kwa hesabu jinsi joto linavyosafiri ndani ya kitu kigumu. Kisha akaja James Joule, kijana wa Salford, Uingereza, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, ambaye mwaka 1840 akiwa na umri wa miaka kama 22 aligundua kwamba joto linalotoka kwenye waya hufuata mraba wa mkondo. Mkondo ukizidishwa mara mbili, joto huzidi mara nne. Ukizidishwa mara tatu, huzidi mara tisa. Kanuni hiyo fupi ndiyo inayoendesha pasi, birika la umeme, hita ya kuogea na fyuzi inayokatika. Ndiyo pia inayofanya kona za utando ziwe mahali pa kuogopwa, jambo tutakalolifikia hivi punde.

Tando za kupasha joto zilianza kwa vita. Katika miaka ya 1940 kampuni ya Marekani iitwayo Pittsburgh Plate Glass ilitengeneza kioo kilichopakwa oksaidi ya bati, kinachopenyeza mwanga na papo hapo kupitisha umeme, kikatumika kwenye ndege za kijeshi. Baadaye zikaja tando za oksaidi ya indiamu na bati, ambazo leo ziko pia kwenye skrini ya karibu kila simu ya kugusa. Pale ambapo uwazi si lazima, watengenezaji hutumia metali, hasa mchanganyiko wa nikeli na kromu uitwao nikromu. Huo ulisajiliwa na Mmarekani Albert Marsh mwaka 1906, na umebaki mfalme wa vipashajoto kwa sababu unakinza umeme mara 60 hivi kuliko shaba na hauliwi haraka na hewa ukiwa mwekundu kwa moto.

Sasa tuingie kwenye kero yenyewe.

Mbinu inayotumika zaidi katika uigaji huu ni ya kukigawa kifaa katika vipande vidogo vingi vilivyoungana kama wavu, kisha kompyuta ikaandika mlinganyo wa umeme na wa joto kwa kila kipande na kuitatua yote kwa pamoja. Mbinu hiyo ilipata nguvu zake kwenye ndege: mwaka 1956 wahandisi Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha njia ya kukokotoa ugumu wa mabawa kwa kuyagawa namna hiyo, kazi iliyofungamana na kampuni ya Boeing. Siku hizi mwanafunzi anaifanya kwenye kompyuta ya mapajani. Lakini ina sharti lake. Kila sehemu ya kifaa inahitaji vipande vinavyolingana na udogo wake, na vipande hivyo visiwe vimebonyea kupita kiasi, la sivyo hesabu hulegea na kutoa majibu yasiyoaminika.

Chukua kipashajoto rahisi ambacho fundi yeyote anaweza kukiwaza: bamba la glasi lenye urefu wa sentimita 15, upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 2. Juu yake pamewekwa mstari wa nikromu wenye upana wa milimita 5 na unene wa mikromita 10, unaokwenda na kurudi mara nne, jumla ya urefu wake nusu mita. Eneo lote la mstari huo ni sentimita za mraba 25. Anayetaka kuujaza kwa vijisanduku vya mikromita 5 kila upande, ili apate angalau safu mbili katika unene wake, atahitaji vijisanduku milioni 200. Hiyo ni nikromu peke yake. Glasi bado haijaguswa. Kompyuta ya kawaida itakwama kabla haijaanza.

Njia ya kutoka ni kuukataa unene. Kwa kompyuta, mstari ule hauchukuliwi tena kuwa kitu chenye kina. Unageuzwa kuwa uso tu, na unene wake unabaki namba moja iliyoandikwa pembeni. Ni kama rangi ya ukutani: fundi huuliza ukuta una mita ngapi za mraba, hapimi kina cha rangi. Kwa vipande bapa vya milimita moja kwa milimita moja, mstari mzima unaenea katika vipande 2,500. Kutoka milioni 200 hadi elfu mbili na nusu, na jibu halibadiliki kwa kiasi cha maana.

Mtu mwangalifu atauliza kwa haki: una hakika gani kwamba unene hauna habari yoyote? Hesabu ya dakika moja inatosha. Mstari huu, kama tutakavyoona, hutoa karibu wati 5,200 kwa kila mita ya mraba. Nikromu ni metali, na ingawa si hodari kama shaba, hupitisha joto vizuri. Tofauti ya halijoto kati ya uso wa juu na wa chini wa mikromita zile 10 haifiki hata sehemu moja ya mia ya nyuzi. Ni kama sehemu nne za elfu za nyuzi moja. Hakuna kipimajoto cha karakana kitakachoiona. Glasi iliyo chini yake ni habari nyingine: milimita 2 za glasi zinaweza kubeba tofauti ya nyuzi kadhaa kati ya uso na uso. Kwa hiyo glasi inabaki na unene wake wote ndani ya hesabu, na nikromu inapoteza wake.

Kuuondoa unene kunaleta zawadi moja ambayo wahandisi wa vifaa vya elektroniki huitumia kila siku, nayo ni omu kwa mraba. Ukichukua kipande cha mraba cha utando, ukapitisha umeme kutoka upande mmoja hadi wa pili, ukinzani wake hautegemei ukubwa wa mraba. Mraba wa milimita moja na mraba wa mita moja, vikiwa vya utando uleule, vina omu zilezile. Mtu akisikia kwa mara ya kwanza hukataa, lakini sababu yake ni nyepesi: mraba ukirefushwa mara mbili ukinzani unazidi mara mbili, na ukipanuliwa mara mbili unapungua nusu, vikafutana. Nikromu yetu ya mikromita 10 ina omu 0.11 kwa mraba. Shaba ya bodi ya saketi, ile fundi simu anayoichungulia kwa lenzi akitafuta njia iliyokatika, kwa kawaida ina unene wa mikromita 35 na ukinzani wa nusu ya sehemu moja ya elfu ya omu kwa mraba. Utando angavu wa skrini au wa kioo cha ndege unaweza kuwa na omu 10.

Basi kazi imekuwa ya kuhesabu miraba. Mstari wenye upana wa milimita 5 na urefu wa milimita 500 una miraba 100, yaani omu 11. Ukiuunga kwenye betri ya volti 12, mkondo unakuwa ampea 1.1 hivi na joto linalotoka ni wati 13. Hesabu hiyo haikuhitaji kompyuta. Karatasi ya kufungia vitumbua ingetosha. Kwa kioo cha ndege mambo ni mepesi zaidi. Tuseme kina umbo la mraba wa nusu mita na utando wa omu 10, kikaungwa kwenye volti 115 za umeme wa ndege. Hapo mraba ni mmoja tu, omu ni 10, na joto ni wati 1,300 na ushei, karibu sawa na pasi ya nyumbani, ila limetandazwa juu ya kioo kizima.

Lakini vioo vya kweli si miraba. Vimekatwa kwa mshazari kufuata pua ya ndege, upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mkondo hupenda njia fupi, hivyo sehemu iliyobanwa hupata umeme mwingi na joto jingi, na sehemu pana hubaki baridi. Watengenezaji hujibu kwa kubadilisha unene wa utando kutoka mahali hadi mahali, mnene hapa, mwembamba pale, ili wati zigawanyike kwa haki. Kuujua mgawanyo huo kwa kubahatisha hakuwezekani. Hapo kompyuta inalipa mshahara wake.

Inalipa pia kwenye kona. Mstari wetu unaokwenda na kurudi una kona sita, na ndani ya kila kona mkondo hujibana kwenye ncha ya ndani, kama wanariadha wanavyogombania njia ya ndani ya uwanja. Mraba wa kona, kwa sababu hiyo, hauhesabiki kuwa mraba kamili bali karibu 0.56, na ukinzani wa mstari wetu unashuka kutoka omu 11 hadi kama 10.7. Hilo ni dogo. Kubwa ni lile la Joule: mahali ambapo mkondo umesongamana mara mbili, joto linalozaliwa ni mara nne. Ramani ya rangi inayotoka kwenye programu huonyesha vidoa vyekundu sita vilivyokaa hasa kwenye ncha hizo.

Kuna mtego hapa unaowanasa wanaoanza. Ikiwa ncha ya kona imechorwa kali kabisa, bila mviringo wowote, hesabu inadai kwamba mkondo kwenye ncha hiyo hauna kikomo. Mwanafunzi hugawa wavu wake vipande vidogo zaidi ili apate jibu sahihi zaidi, namba inapanda, anagawa tena, inapanda tena, anakesha. Hakuna jibu la kulifikia. Kona kali namna hiyo haipo duniani, ipo kwenye mchoro tu, na jumla ya wati imeshatulia zamani ingawa namba ya ile ncha moja haijatulia. Dawa ni kuizungusha kona kidogo, kwenye mchoro na kwenye kifaa chenyewe, kwa maana umbo linalofurahisha hesabu ndilo pia linaloupa utando maisha marefu.

Halijoto ya mwisho inategemea joto linavyotoka, na hapa ukweli mchungu usemwe: namba dhaifu kuliko zote katika uigaji huu haiko ndani ya metali wala ndani ya glasi, iko hewani. Bamba letu lina nyuso mbili, jumla sentimita za mraba 300. Katika chumba chenye hewa tulivu, upepo mdogo unaopanda wenyewe na mnururisho wa joto vikijumlishwa huondoa kama wati 10 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kwa wati 13, bamba litapanda wastani wa nyuzi 43 au 44 juu ya chumba. Chumba kikiwa na 25, glasi itafika karibu 70, na chini ya mstari zaidi kidogo. Washa feni, namba ile ya 10 ikawa 30, na bamba halivuki 40. Lifunike kwa kitambaa, namba ikashuka hadi 5, na linapita 110. Mtu anaweza kutumia wiki nzima akisuka wavu wa kupendeza, kisha akakosea nyuzi 40 kwa sababu aliandika tarakimu moja ya hewa bila kufikiri. Kwa kawaida anayeulizwa namba hiyo ameitoa wapi hujibu kwamba aliikuta kwenye mfano wa mtu mwingine.

Muda nao una sehemu yake. Glasi yetu ina uzito wa gramu 75 hivi, na kwa wati 13 inaanza kupanda nyuzi moja kila sekunde tano, kisha inapunguza mwendo, ikatulia baada ya dakika kumi na kitu. Nikromu yote kwa ujumla ina gramu 0.2. Haiwezi kuhifadhi joto. Kila inachozaa inakikabidhi kwa glasi papo hapo. Hesabu nzima imesimama juu ya makabidhiano hayo. Ikiwa utando umebanduka mahali fulani, ukaacha upenyo wa hewa usioonekana, sehemu hiyo inabaki na joto lake na inaweza kupanda zaidi ya nyuzi mia moja kwa sekunde moja. Programu haitasema lolote kuhusu hilo. Iliambiwa kwamba utando umeshikamana, ikaamini.

Halafu kuna tabia ya metali yenyewe. Metali nyingi zikipata joto ukinzani wake huongezeka. Shaba huongeza karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10, nikromu ni kidogo mno, ndiyo sababu nyingine ya kupendwa kwake. Utando mzima ukipewa volteji isiyobadilika, ongezeko hilo ni breki: ukinzani ukipanda, mkondo unashuka, joto linajirekebisha. Lakini kwenye mstari mmoja uliokwaruzwa mahali pamoja, mkondo unaopita mwanzo na mwisho ni uleule, na pale palipokwaruzwa, joto huongeza ukinzani, ukinzani huongeza joto, hadi mstari ukatike. Uigaji mzuri kwa hiyo haukokotoi umeme kwanza na joto baadaye. Huvizungusha: umeme huzaa joto, joto hubadilisha umeme, umeme mpya hukokotolewa tena, mpaka namba zisitingishike.

Msomaji asiyewahi kuingia chumba cha marubani anaweza kuona haya yote nyuma ya gari. Mistari ya rangi ya kahawia iliyolala kwenye kioo cha nyuma cha Toyota zilizotumika, zinazoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani, ni vipashajoto vya aina hii. Ni rojo ya fedha na unga wa glasi iliyochapwa kwenye kioo kisha ikachomwa pamoja nacho hadi ikawa mwili mmoja. Kwa joto la Pwani hakuna anayekumbuka kitufe chake. Lakini anayeendesha asubuhi kupita Makete, Limuru au Kabale, kioo kikiwa cheupe kwa ukungu, anakijua. Mistari imeungwa sambamba kati ya pau mbili za pembeni, kwa hiyo mmoja ukikatika mingine inaendelea, na kwenye ukungu hubaki utepe mmoja usiofutika.

Fundi umeme wa magari hupata mahali palipokatika kwa njia ambayo ni uigaji uliogeuzwa. Anafunga karatasi ya foili kwenye ncha ya mita yake ili asiukwaruze mstari, ncha nyingine anaiweka kwenye bodi ya gari, anawasha kitufe, kisha anateleza polepole kutoka upande wa chanya kwenda wa hasi. Kwenye mstari mzima volteji inashuka taratibu, na katikati kabisa inasoma kama volti 6. Kwenye mstari uliokatika inabaki 12, 12, 12, kisha ghafla sifuri. Hapo hapo ndipo penye ufa. Tone la rangi yenye fedha hurudisha njia. Sababu ya kawaida ya kukatika huko mjini ni wembe wa anayebandua tinti ya zamani: mistari ina unene wa mikromita chache tu, na wembe haujui tofauti ya gundi na fedha.

Ajali iliyotajwa mwanzoni ilitokea Mei 14, 2018. Ndege aina ya Airbus A319 ya Sichuan Airlines ilikuwa njiani kutoka Chongqing kwenda Lhasa, China, ikiwa na watu 128, katika kimo cha karibu mita 9,800. Kioo cha mbele upande wa kulia kikapasuka, kisha kikang'oka chote. Rubani msaidizi alivutwa na upepo nusu mwili nje, mkanda ukamshikilia. Nahodha Liu Chuanjian, akiwa katika baridi kali na kelele zilizomzuia kusikia redio, aliishusha ndege Chengdu. Wote walinusurika, na mwaka uliofuata China ilitoa filamu kuhusu safari hiyo.

Ripoti ya mamlaka ya usafiri wa anga ya China, iliyotoka 2020, haikuulaumu utando. Ilisema kwamba mpira wa kuzibia pembeni mwa kioo huenda ulikuwa umeharibika na kuruhusu unyevu kuingia. Maji yakakaa kwenye ukingo wa chini, yakalowesha kwa muda mrefu waya uliokuwa unapeleka umeme kwenye kipashajoto, kihami chake kikachoka. Kwenye kona ya chini kushoto ukaanza kuruka mwali wa umeme usiokoma. Joto la mahali pale pamoja lilivunja matabaka mawili ya glasi yanayobeba kioo, na tofauti ya hewa ya ndani na ya nje ikamalizia kazi. Si tukio la pekee la jamii yake. Mwaka 2010 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliamuru ukaguzi wa vioo vya Boeing 757, 767 na 777 baada ya taarifa za moshi na moto chumbani kwa marubani, na kilichotafutwa kilikuwa skrubu zilizolegea kwenye vituo vya umeme vya kioo.

Ramani nzuri kuliko zote ya joto la utando ule, yenye rangi zake na kona zake, isingeonyesha lolote kati ya hayo, kwa sababu waya, skrubu, mpira na maji havikuwa sehemu ya utando. Kiungo cha umeme ndipo mahali pagumu kuiga: ukinzani wake unategemea kilivyokazwa, kilivyosafishwa na miaka kilichokaa. Waangalifu hukiweka kwenye hesabu kwa makusudi, wakakipa ukinzani mbaya mara kumi, mara mia, ili waone kinachotokea. Wakimaliza huchukua kifaa cha kweli, wakakiwasha mbele ya kamera ya joto na kulinganisha picha mbili. Zikipishana, mwenye makosa ni kompyuta.

Mara nyingine vipimo peke yake navyo hudumu kupita umri wake. Kwa zaidi ya nusu karne wabunifu wa bodi za saketi walikadiria joto la njia za shaba kwa michoro iliyotokana na vipimo vya maabara ya serikali ya Marekani vya mwaka 1956. Kanuni mpya, IPC-2152, ilitoka mwaka 2009 ikiwa na vipimo vipya. Mambo yamezidi kupanuka tangu hapo. Boeing 787, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011, huzuia barafu kwenye mabawa kwa vipashajoto bapa vya umeme badala ya hewa moto ya injini iliyozoeleka kwa ndege za awali, na bawa ni kubwa kuliko kioo.

Mwanafunzi wa uhandisi anayetaka kujaribu hahitaji leseni ya gharama. Elmer, programu iliyoanza kutengenezwa nchini Finland mwaka 1995 na sasa inasimamiwa na kituo cha kompyuta cha CSC, hupakuliwa bure na ina milinganyo ya umeme na joto ndani yake. Aanze na bamba la glasi la makala haya: nikromu ya mikromita 10, milimita 5 kwa nusu mita, volti 12. Kabla ya kubonyeza kitufe ahesabu miraba kwa mkono. Programu ikimpa wati kati ya 13 na 13.5, aendelee. Ikimpa 13,000 au 0.013, asiguse wavu. Arudi kwenye vizio vyake, kwa kuwa karibu kila mara kuna mahali ameandika milimita akidhani ni mita.